Lahani Bila Maneno: Bembelezi ya Wapokomo, Wimbo wa Taifa na Suala la Utambulisho katika Bonde la Tana

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa ule unaoshughulikia upwa wa kaskazini mwa Kenya, umezoea kusimama Kipini na kuelekeza uso baharini. Nyuma yake hubaki mto. Lamu, Pate na Siu zimepata wahakiki wake, wahariri wake na mijadala yake. Ilhali vijiji kama Ngao, Golbanti na Kulesa, vilivyo kando ya Mto Tana upande wa Garsen, hutajwa katika tanbihi tu, na aghalabu hutajwa na wanaisimu au wanaanthropolojia, si na watu wa fasihi. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yameigharimu taaluma. Mfano unaotumiwa ni mmoja, na kila Mkenya anaujua kwa masikio ingawa si wengi wanaoujua kwa undani: lahani ya wimbo wa taifa.

Habari zenyewe ni mashuhuri na hazihitaji kurefushwa. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inajiandaa kupata uhuru, wataalamu watano wa muziki walipewa jukumu la kutunga wimbo wa taifa. Nao walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani waliyoichagua ilitokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, na Mzee Meza Moroa Galana anatajwa kuwa ndiye aliyewapa. Maneno mapya yalitungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 wimbo ukaimbwa bendera ilipopandishwa. Tangu hapo hapana shule wala uwanja wa michezo nchini ambao haujaisikia sauti ya mama wa Kipokomo akimlaza mwanawe. Neno lake hata moja halikusikika.

Kuna ziada ndogo inayowahusu wanafunzi wa tamthilia. Hyslop huyo ndiye mwandishi wa Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, tamthilia mbili za Kiswahili zilizotoka mwaka 1957, ambazo kila historia ya drama ya Kiswahili nchini Kenya huzitaja na kuzipita upesi. Hivyo jina lake limo katika milango miwili ya fasihi hii. Katika mlango wa kwanza huhukumiwa kama mgeni aliyeandika kwa lugha ya wenyeji; katika mlango wa pili hahukumiwi kabisa, kwa kuwa wimbo wa taifa haujahesabiwa kuwa matini ya fasihi.

Ni matini ya fasihi, na kasoro ya kwanza inayopaswa kurekebishwa ni hiyo.

Kutoka kulaza hadi kusimamisha

Bembelezi ni utanzu wa faragha. Mwimbaji ni mmoja, msikilizaji ni mmoja, na msikilizaji huyo bado hajajua lugha. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hudhani kwamba maneno ya bembelezi hayana uzito, na kwamba kazi yote inafanywa na sauti. Dhana hii ni potofu. Mtoto haelewi maneno, lakini mama anayaelewa, na wanaopita nje ya nyumba wanayaelewa pia. Chini ya kivuli cha mtoto mchanga mama huweza kusema juu ya njaa, juu ya kazi ya shamba, juu ya mume aliyekwenda mbali asirudi, na asiulizwe kitu. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki bembelezi ni miongoni mwa majukwaa machache ambayo mwanamke huyatumia kusema bila kukatizwa. Kuitoa lahani katika bembelezi na kuyaacha maneno ni kuubakiza mlio na kumnyamazisha msemaji.

Wimbo wa taifa umegeuza karibu kila sifa ya utanzu huo. Uliokuwa wa mmoja umekuwa wa umati; uliokuwa wa kukaa au kupakata umekuwa wa kusimama wima; uliokuwa wa mwanamke umekabidhiwa kwaya na bendi ya askari. Ubeti wa pili hata huanza kwa wito wa kuwaamsha ndugu. Sauti iliyotungwa kumlaza mtoto inatumiwa kuamsha taifa! Hata hivyo mageuzi hayo hayakufaulu kabisa, na hapo ndipo penye uzuri wa wimbo. Ingawa bendi huupiga kwa tarumbeta, lahani yake imebaki na mwelekeo wa huzuni ambao nyimbo nyingi za mataifa, zilizojengwa juu ya mwendo wa gwaride, hazina. Anayesikiliza kwa makini husikia kwamba wimbo huu unasihi zaidi kuliko unavyoamuru. Watunzi wa maneno walilitambua jambo hilo, ndiyo maana ubeti wa kwanza wakaufanya dua. (Katika dua hiyo limo neno ngao. Ni sadfa tu, kwa maana hapana ushahidi kwamba yeyote alikifikiria kijiji. Lakini msomaji atokaye Garsen ana haki ya kutabasamu.)

Kuhusu umbo, wimbo una beti tatu, kila ubeti mishororo sita. Mizani hailingani kutoka mshororo hadi mshororo, na vina vimelegea, baadhi vikitegemea irabu ya mwisho peke yake. Kwa kipimo cha arudhi ya utenzi au shairi la tarbia, huu si utungo ulionyooka. Kipimo chake ni kingine: maneno yamekatwa kwa urefu wa lahani. Pale ambapo lahani hupanda na kukawia, mshororo hurefuka. Pale inaposhuka na kufupika, mshororo hupungua. Kwa maneno mengine, mizani ya utungo wa Kiswahili unaoimbwa na watu wengi zaidi nchini Kenya haikutoka Lamu wala Mombasa. Ilitoka mtoni.

Jambo hili linautia mwanga wa ajabu ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, wakati watetezi wa arudhi na watetezi wa ushairi huru, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, waliposhindana kama utungo usiolingana mizani unastahili kuitwa shairi la Kiswahili. Kwa upande wa Kenya, mabingwa wa pande zote mbili walikuwa wakisimama kwa heshima na kuimba utungo wa namna hiyo kila mara rais alipohutubia. Hapana aliyeutaja katika mjadala. Walioutetea uhuru wa mizani walitafuta mifano Ulaya, na katika ngano na nyimbo za jamii za bara, ilhali mfano uliokuwa karibu zaidi ulikuwa vinywani mwao.

Kinyume chake: maneno bila lahani

Ngao si kijiji kisicho na maandishi. Mwaka 1887 Misheni ya Neukirchen kutoka Ujerumani ilianzisha kituo hapo, na mmisionari Ferdinand Würtz akaanza kujifunza Kipokomo na kukiandika. Katika miaka ya 1880 na 1890 alichapisha sarufi na orodha za maneno, na mwanzoni mwa karne ya ishirini Agano Jipya likapatikana kwa Kipokomo. Tarehe hizi zinafaa kuzingatiwa. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyokisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, iliundwa mwaka 1930. Wapokomo wa chini ya mto walikuwa wakisoma kitabu kilichopigwa chapa kwa lugha yao miongo kadhaa kabla Kiswahili Sanifu hakijapata tahajia rasmi.

Hapa ukweli wa kihistoria unapingana na picha iliyozoeleka ya jamii ya fasihi simulizi tupu inayongoja kuletewa maandishi na waungwana wa pwani. Lakini inafaa kuona misheni ilifanya nini. Ilichukua maneno ya Kipokomo na kuyatia ndani ya matini zilizotoka kwingine: injili, mafundisho na sala. Taifa la 1963 lilifanya kinyume: lilichukua lahani na kuitia maneno yaliyotoka kwingine. Katika tendo la kwanza lugha ilihifadhiwa ikakosa tungo zake yenyewe. Katika tendo la pili utungo ulihifadhiwa ukakosa lugha yake. Baina ya matendo hayo mawili, kile ambacho fasihi ingekiita utungo kamili wa Kipokomo, maneno na sauti yake vikiwa pamoja, hakikupewa nafasi katika maktaba yoyote kubwa.

Aliyekaribia kuufanya wajibu huo alikuwa Alice Werner, aliyesafiri katika pwani ya Kenya na bonde la Tana kati ya 1911 na 1913, na kuchapisha makala juu ya visasili na hadithi za Wapokomo katika jarida la Folklore mwaka 1913. Baada yake walikuja wataalamu wa taaluma nyingine. A. H. J. Prins aliwaweka Wapokomo pamoja na Wanyika na Wataita katika kitabu chake cha 1952 juu ya makabila ya pwani. Robert Bunger akaandika mwaka 1973 juu ya kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Wapokomo wa juu. Kazi hizo ni za maana. Lakini mwanaanthropolojia huuliza wimbo unatumika lini na nani anauimba. Ni nadra aulize kwa nini neno hili limetumiwa mahali pa lile.

Ipo pia ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na watawala wa kikoloni na kuwekwa katika British Museum, London, tangu mwaka 1908. Si suala la fasihi kwa maana finyu. Lakini anayeshangaa kwa nini mapokeo ya mto yana mapengo asisahau kwamba ala iliyokuwa kitovu cha mamlaka na ibada iliondolewa kabla kizazi cha kwanza cha wasomi wa Ngao hakijazeeka.

Liyongo na majirani zake

Mtu anaweza kusema kwamba wimbo wa taifa ni jambo la siasa, na kwamba katika fasihi yenyewe hali ni tofauti. Utendi wa Liyongo unaonyesha kwamba si tofauti sana. Mapokeo huliweka kaburi la Fumo Liyongo upande wa Ozi na Kipini, mdomoni mwa Tana. Wapokomo wanamsimulia na kumwimba kama wanavyofanya Waswahili, na nyimbo zinazonasibishwa naye husikika pande zote mbili. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Wagala wanapewa tukio zima, wakitaka kupata mbegu ya shujaa. Watwa wa msituni wanapewa njama ya kukwea mkoma kwa zamu. Wakulima wa mto, ambao ndio majirani wa kudumu wa nchi ile, hawapewi tukio la kiwango hicho.

Hapana sababu ya kumlaumu Kijumwa, kwa kuwa mtunzi huchagua. Wa kuulizwa ni wahakiki. Tangu Edward Steere alipochapisha hadithi ya Liyongo mwaka 1870, mjadala umezunguka maswali yale yale: Je, aliishi? Aliishi karne gani? Alikuwa wa mji upi? Hata Nyimbo za Liyongo, mhariri bora uliotolewa mwaka 2004 na kikundi kilichokutana Bayreuth, umejengwa, kwa haki kabisa, juu ya miswada ya Kiswahili cha kaskazini. Swali ambalo halijatiwa uzito ni hili: shujaa anayeimbwa na jamii mbili, je, ni shujaa yule yule? Matini ya Kipokomo inapotofautiana na ya Lamu, isichukuliwe kuwa imeharibika ikilinganishwa na asili. Huenda ni hoja ya mtu mwingine juu ya mtawala yule yule.

Kimyakimya, upungufu huu unategemea dhana ya kilugha iliyokwisha kukataliwa. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika uchunguzi wao mkubwa wa 1993 juu ya lugha za Kisabaki, walionyesha kwamba Kipokomo ni lugha ndugu ya Kiswahili, pamoja na Kimijikenda, Kikomoro na Kielwana. Si lahaja ya Kiswahili wala si Kiswahili kilichoharibika. Ndugu hurithi kwa mzazi mmoja, na mmoja si kivuli cha mwingine.

Mto mwingine

Katika mpaka wa Marekani na Mexico kuna mto ambao upande mmoja huitwa Rio Grande na upande wa pili Río Bravo. Mwaka 1958 Américo Paredes, mzaliwa wa Brownsville, Texas, alichapisha With His Pistol in His Hand, kitabu kizima juu ya utenzi mmoja wa kuimbwa, ule wa Gregorio Cortez, mkulima aliyemuua mkuu wa polisi wa wilaya mwaka 1901 na kuwakimbia askari kwa siku nyingi. Wanahistoria wa Texas, na Walter Prescott Webb akiwa mbele yao, walikuwa wamewasifu askari wa Rangers na kuwadharau Wamexico. Paredes hakujibu kwa hasira. Alikusanya matini tofauti za wimbo, akazilinganisha, akaonyesha maneno gani yaliongezwa wapi, na kwa kazi hiyo ya uhariri akathibitisha kwamba watu wa mtoni walikuwa na historia yao, waliyoitunza kwa mizani. Taaluma ya fasihi ya Wachicano inamtambua kuwa mmoja wa waasisi wake.

Kinacholeta faida katika mfano huu ni njia. Watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini walizidi milioni 62 katika sensa ya Marekani ya 2020, na mchango wao katika muziki, vyakula na kura za nchi ile haupingiki. Wapokomo walikuwa zaidi ya laki moja katika sensa ya Kenya ya 2019. Hapo hapana mlinganisho. Lakini tatizo la kusikika bila kujulikana ni la pande zote mbili. Mwaka 1958 huo huo Ritchie Valens, ambaye jina lake la ukoo Valenzuela lilikuwa limefupishwa ili kuwafaa wauzaji wa santuri, alirekodi La Bamba, wimbo wa jadi wa Veracruz, na kuacha maneno yake kwa Kihispania ingawa yeye mwenyewe hakukimudu Kihispania. Jina lilikatwa, maneno yakabaki. Huko Kenya jina la kabila linatajwa kwa fahari kila wimbo wa taifa unapoelezwa mashuleni. Yaliyokatwa ni maneno. Mhakiki atakayeulizwa ni hasara ipi kubwa zaidi hana budi kusema ni hii ya pili, kwa kuwa jina huweza kurejeshwa kwa kalamu.

Gloria Anzaldúa, katika Borderlands/La Frontera ya 1987, aliusifu mpaka kuwa mahali pa kuzaliwa nafsi mpya yenye ndimi nyingi. Wanafunzi wa leo wanapenda kumnukuu. Katika bonde la Tana sifa hizo zitumiwe kwa tahadhari. Ni kweli kwamba mto huu umechanganya watu kwa namna isiyofuata safu za sensa. Wamunyoyaya ni wakulima wa mtoni wanaozungumza lugha ya Kioromo; Kielwana, ambacho Nurse alikichunguza upya mwaka 2000, kimebadilishwa mno na Kiorma; Wapokomo wa juu wengi ni Waislamu na wa chini wengi ni Wakristo. Hata hivyo kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu mia moja, Waorma na Wapokomo, waliuawa katika vijiji vya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Mpaka haukuzaa nafsi mpya mwezi ule.

Kwa hiyo makala haya hayakubaliani na dai linalosikika kwamba wimbo uliibwa na sasa urudishwe kwa wenyewe, kana kwamba wenyewe ni kundi lenye ua. Mama anayembembeleza mtoto hachunguzi asili ya kila sauti anayoitumia. Huenda sauti ile ilivuka mto mara nyingi kabla ya kufika kwa Mzee Galana. Lakini pia hayakubaliani na jibu rahisi kwamba wimbo ni wa taifa zima na basi. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chao cha 1994 juu ya Waswahili, walilalamika kwa hoja nzito kwamba utambulisho wa Waswahili umekuwa ukifafanuliwa na watu wengine. Haielekei kwamba taaluma ya Kiswahili, iliyoiunga mkono hoja hiyo kwa ajili yake yenyewe, iwanyime jirani.

Kazi ya ukusanyaji

Kinachodaiwa ni mhariri wa kitaalamu wa bembelezi yenyewe: maneno yake kwa Kipokomo cha chini na cha juu, tafsiri ya Kiswahili, ulinganishaji wa matini, na majina ya waimbaji pale watakapokubali kutajwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7(3), inaipa dola wajibu wa kuendeleza lugha za wenyeji, na tangu 2013 Tana River ina serikali yake ya kaunti. Kisingizio cha kwamba hapana wa kugharimia kimepungua nguvu. Kazi kama hiyo ingetosha kuwa tasnifu ya uzamili, na ingesomwa kwa hamu kuliko uchambuzi mwingine wa maudhui katika riwaya ile ile iliyokwisha kuchambuliwa mara kumi.

Ugumu wake mkubwa si fedha wala barabara ya Garsen. Ni kwamba lahani ya taifa imekuwa ikirudi mtoni kwa zaidi ya miaka sitini kupitia redio na shule. Mwanamke kijana wa Ngao anayeimba bembelezi hiyo hivi leo aliujua wimbo wa taifa darasani kabla hajapata mtoto wa kumbembeleza, na haiwezekani kujua kwa kumsikiliza peke yake ni wapi sauti yake inafuata ya nyanyake na ni wapi inafuata mpangilio wa Hyslop. Itabidi waulizwe wale waliokuwa wakiimba kabla ya Desemba 1963. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo sasa amepita themanini.